Ua la Kivulini na Wageni Wake wa Mchana na Usiku



Jioni hii nina ombi, na ombi lenyewe linahusu mahali ambapo karibu kila nyumba inapo na hakuna anayepahesabu. Ni chini ya mwembe. Ni nyuma ya jiko. Ni ule ubavu wa nyumba usioona jua tangu asubuhi mpaka magharibi, penye tangi la maji na bomba linalodondosha. Mchicha ukiupanda hapo unarefuka, unapauka, unalala. Nyanya inatoa majani matupu. Basi tunapaacha, na kwa kuwa hatupendi takataka, tunapafagia. Kila alfajiri ufagio wa chelewa unapita, majani makavu yote yanakwenda jalalani, na baada ya miaka kadhaa udongo umekuwa mgumu hata maji ya mvua yanapita juu yake bila kuzama.

Mahali hapo nimekuja kupaombea ua. Si la kuagiza ng'ambo. Ni mzaliwa wa huku kwetu, kuanzia kusini mashariki mwa Kenya, kupitia mashariki mwa Tanzania, kushuka mpaka Malawi, Msumbiji na Zimbabwe. Porini utalikuta kando ya vijito na kwenye mabonde yenye unyevu, chini ya miti mikubwa, mahali ambapo jua linafika kwa vipande vipande tu. Wataalamu wa mimea wanaliita Impatiens walleriana. Mimi nitaliita impeshensi.

Ni mmea wa magotini au chini ya hapo. Mashina yake ni manene, laini, yamejaa maji, ukiminya kwa vidole yanavunjika kwa urahisi. Majani ni ya kijani kibichi, yenye meno madogo ukingoni. Maua ni bapa, ya waridi, mekundu, ya zambarau au meupe, na yakianza kutoka hayajui msimu, ilimradi maji yapo. Wengi wenu mmeyaona kwenye bustani za hoteli na kwenye vyungu vya baraza za ofisi, mkadhani ni maua ya Ulaya. Hamkukosea sana, maana yalikwenda huko kweli, kisha yakarudi.

Safari hiyo ilipitia Zanzibar. John Kirk, daktari na mpenzi wa mimea aliyesafiri na Livingstone katika mto Zambezi, baadaye alikaa miaka mingi Zanzibar akiiwakilisha Uingereza, na kutoka huko akawa anapeleka mimea kwenye bustani kuu ya Kew, London. Mwaka 1882 Joseph Hooker wa Kew akalitangaza ua hili kwa jina la Impatiens sultanii, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, na aliyekuwa kitini wakati huo ni Sayyid Barghash bin Said. Ulaya ikalipenda. Baadaye ikabainika kwamba mmea huo huo ulikwisha kupewa jina mwaka 1868, kwa heshima ya Horace Waller, mmisionari wa shirika la Kianglikana la UMCA aliyefika Afrika mwaka 1861 na kutumia maisha yake kupinga biashara ya utumwa. Kanuni ya wataalamu ni kwamba jina la kwanza ndilo linalosimama, kwa hiyo la Sultani likaondoka na la Waller likabaki. Waller huyo ndiye aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone, zilizotoka mwaka 1874, na waliokaa naye Uingereza kumsaidia kazi hiyo ni Chuma na Susi, wale wale walioongoza msafara uliobeba maiti ya Livingstone mpaka pwani. Ndiyo maana huniuma kusikia mtu akiliita ua la Kizungu.

Lakini sikuja kwa ajili ya historia. Nimekuja kwa ajili ya vipepeo, na kwa ajili ya mipapai, na mtaona jinsi hayo mawili yanavyokutana.

Kesho, ukipata nafasi, chuma ua moja la impeshensi ulitazame vizuri. Mbele ni bapa, limefunguka, halina kikombe wala bakuli. Sasa ligeuze. Kwa nyuma kuna kitu chembamba kama uzi, kimepinda, urefu wake sentimita tatu hadi nne au zaidi kidogo. Ule uzi ni mrija, ndani yake mna uwazi, na kule mwishoni kabisa ndiko ua linakoweka nekta, yale maji matamu ambayo wadudu wanayafuata. Hapo ndipo ua linapochagua mgeni. Ulimi wa nyuki wa asali haufiki hata sentimita moja. Akitua hapo kwa njia halali hapati kitu. Nzi hapati kitu. Anayepata ni mwenye mrija mrefu wa kunyonya, ambao akiwa hautumii anauviringa chini ya kichwa, naye ni kipepeo.

Kipepeo akitua kwenye lile bapa, anaunyoosha mrija wake, anautafuta mlango mdogo ulio katikati, anausukuma ndani. Wakati anakunywa, kichwa chake kinagusana na sehemu iliyo juu ya mlango, na hapo ndipo ua linapofanya kazi yake. Likichanua, kwanza linakuwa dume. Vikonyo vyake vya chavua vimeungana vikafanya kofia ndogo, na kofia hiyo imefunika kabisa sehemu ya kike. Kipepeo wa siku ya kwanza anaondoka na chavua kichwani. Siku chache baadaye ile kofia inadondoka nzima, sehemu ya kike inabaki wazi, na kipepeo anayekuja siku hiyo akitoka kwenye ua changa anaipaka chavua aliyoibeba. Ua moja, jinsia mbili, kwa zamu. Nimelitazama jambo hili mara nyingi na bado linanishangaza jinsi lilivyopangika.

Maana yake kwa mpandaji ni nyepesi. Usipande shina moja kwenye chungu kimoja ukangoja vipepeo. Panda kundi, mashina kumi, kumi na tano, yakae karibu karibu, ili wakati wote yawepo maua machanga na makubwa pamoja. Na vipande vya kupandia usivitoe vyote kwenye nyumba moja, kwa sababu vipande vilivyokatwa kwenye shina moja ni mmea ule ule umeongezeka tu. Omba kwa jirani huyu, kisha omba kwa shangazi wa mtaa wa pili.

Namna ya kupanda. Kata kipande cha urefu wa kiganja, chini kidogo ya fundo, mahali jani linapotokea. Ondoa majani ya chini na maua yote, ubakize majani mawili matatu ya juu. Kitie kwenye glasi ya maji, uiweke kivulini, ubadilishe maji yanapochafuka. Baada ya wiki moja au mbili utaona mizizi myeupe. Wengine hukichomeka moja kwa moja kwenye mchanga wenye unyevu, nayo ni njia nzuri. Ukitaka kupanda kwa mbegu, inyunyize juu ya udongo laini na usiifukie, kwa kuwa mbegu ya impeshensi huhitaji mwanga ili iote. Na kuipata mbegu ni kuwahi. Vitumba vyake vikikomaa, ukivigusa tu vinapasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali. Watoto wanaujua mchezo huo. Funika kitumba kwa kiganja kabla hujakiminya.

Udongo ndio wenye kazi, hasa hapo palipofagiliwa miaka yote. Usilime kwa jembe chini ya mwembe, utakata mizizi yake ya juu. Lainisha kwa kijiti au kwa mkono, vidole vinne kwenda chini vinatosha, kisha weka mboji au samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi itaunguza mashina yale laini. Mbolea ya dukani sikushauri. Ukizidisha, unapata majani makubwa ya kupendeza na maua ya kuhesabu. Tafadhali pia msiende kuchota udongo msituni, hata kama unanukia vizuri. Msitu unauhitaji kuliko sisi.

Maji ndiyo kauli ya mwisho. Impeshensi haivumilii kiu. Saa saba mchana, kaskazi inapovuma Januari na Februari, utaikuta imelala chini kana kwamba imekufa. Mwagia maji, na jioni imesimama. Lakini ukiifanyia hivyo kila siku itachoka. Mtu wa pwani afadhali apande masika yanapoanza, Machi au Aprili, ili kiangazi kikifika mizizi imeshika. Nyanda za juu, Lushoto, Njombe, Limuru, maji si tatizo kubwa, tatizo ni baridi ya Juni na Julai inayoizubaisha, nayo baridi ikiisha inaendelea. Maji ya kuoshea mboga yanafaa sana. Maji yenye sabuni nyingi ya unga hayafai. Na kama mti wako wa kivuli ni mkaratusi, nakuonea huruma, kwa sababu mti ule unanyonya maji yote na majani yake yaliyodondoka hayapendi jirani.

Adui mkubwa wa mwanzo, kwa nyumba nyingi, ni kuku. Kuku akiona udongo laini wenye mboji kivulini, amepata mahali pa kuchakura. Zungusha matawi yenye miiba, au mawe makubwa, au kipande cha wavu, mpaka mimea ifike magotini. Mbuzi naye anajulikana.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niombe dakika hizi.

Ukiwa na impeshensi, siku moja utakuta majani yameliwa. Utainama na kuona kiwavi mnene, wa kijani au wa kahawia, ana kipembe mkiani, na karibu na kichwa ana madoa mawili yanayofanana na macho. Wengi wetu tukimwona tunamponda kwa kandambili. Ninakuomba usimponde. Huyo anaweza kuwa mtoto wa nondo anayeitwa Hippotion celerio, na impeshensi ni moja ya mimea anayoila utotoni. Akikua anakuwa nondo mwenye mabawa membamba, mstari wa fedha kwenye bawa la mbele na rangi ya waridi kwenye la nyuma, anayeruka kwa kasi na kusimama hewani mbele ya ua bila kutua. Ni msafiri wa ajabu: wako wanaotoka Afrika wakavuka bahari mpaka Ulaya, hata Uingereza wanaonekana.

Hapa kwetu ana kazi. Mwaka 2009 Dino Martins, mtaalamu wa wadudu kutoka Kenya, pamoja na Steven Johnson, walichapisha utafiti kuhusu mipapai inayolimwa vijijini nchini Kenya. Walitaka kujua nani anapeleka chavua kutoka mpapai dume hadi mpapai jike. Jibu halikuwa nyuki wa asali. Ni nondo wa jamii hii, na Hippotion celerio ni mmoja wao. Wanakuja giza linapoingia. Mpapai dume unaning'iniza vishada vya maua yenye harufu na nekta; mpapai jike una maua yaliyobanana na shina, hayana nekta, yanapata mgeni kwa kufanana tu na yale ya dume. Nondo anapita haraka haraka, anaonja hapa, anaonja pale, na katika kuonja huko papai linapatikana. Watafiti hao walionyesha pia kwamba mipapai iliyo karibu na mahali penye mimea ya asili ndiyo inayohudumiwa vizuri zaidi na nondo.

Ninyi mnaolalamika kwamba mpapai unatoa maua lakini matunda yanapukutika yakiwa madogo kama zabibu, sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Maji yana sehemu yake, na magonjwa yana sehemu yake. Tena ipo mipapai yenye maua ya jinsia mbili kwa pamoja, ambayo inajitosheleza. Lakini kama una mipapai jike, jiulize maswali mawili. La kwanza: mpapai dume uko wapi? Tumezoea kuukata kwa sababu hauzai. Uacheni hata mmoja kwa mtaa. La pili: nondo atatoka wapi, ikiwa kiwavi tunamponda, na majani makavu tunayafagia kila alfajiri?

Nasema majani makavu kwa sababu maalumu. Kiwavi wa nondo huyu akishiba haendi kujifungia juu ya mti. Anashuka chini, anatafuta majani yaliyooza na udongo laini, na hapo ndipo anapogeuka kuwa buu gumu la kahawia na kulala mpaka atoke na mabawa. Ufagio ukipita, buu linakwenda jalalani, na jalala linachomwa moto jioni. Kwa hiyo ninapoomba mahali pale chini ya mwembe paachwe, siombi kwa ajili ya ua peke yake. Acheni majani yadondoke kati ya mimea na yabaki. Yanashika unyevu, yanaoza yakawa chakula cha mizizi, na yanamficha huyo mtu wa usiku. Pembeni, kwenye njia ya kupita na mahali pa kukaa, fagieni mpendavyo. Najua hofu ya nyoka na ya mbu, na si hofu ya kupuuza penye watoto. Ndiyo maana nasema kundi dogo, lenye mpaka wa mawe, mbali na mlango, na pasiwepo kopo wala tairi la kushika maji.

Wakulima wa zabibu wa Dodoma wataniambia kwamba kiwavi huyu wanamjua, na kwao ni mharibifu. Ni kweli, majani ya mzabibu anayapenda. Kwenye shamba la zabibu mambo ni mengine, nami siwezi kumwambia mtu alee mdudu anayekula ada ya shule ya mwanawe. Ninazungumza na mwenye uwanja wa nyumba, mpapai na mwembe.

Kuhusu vipepeo nao kuna la kuongeza. Ua linamlisha kipepeo mkubwa. Halimlishi mtoto wake. Kila aina ina majani yake. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, anayepita uani kila asubuhi, viwavi wake wanakula majani ya mlimau na mchungwa. Kama una mlimau na una impeshensi, umempa makazi yote mawili. Wanakijiji wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kule Gede, wanalijua jambo hili kwa undani kuliko mimi, maana tangu mwaka 1993, mradi wa Kipepeo ulipoanza, wamekuwa wakifuga viwavi kwa majani ya msituni na kuuza mabuu yao kwa maonyesho ya vipepeo ya ng'ambo. Kwao msitu ukikatwa, kipato kimekatwa. Unguja nako, kijijini Pete karibu na msitu wa Jozani, kuna kituo cha vipepeo ambacho mtoto wa shule akipelekwa asubuhi moja anaelewa kuliko kwa kitabu.

Nisiwadanganye: impeshensi haitaongeza maboga yako. Hayo yanamtegemea nyuki, na nyuki, kama nilivyosema, hana njia halali kwenye mrija ule. Ukimtaka nyuki panda mrehani na kivumbasi mahali penye jua, uviache vitoe maua badala ya kuvikata kila mara.

Ukienda kununua miche, fungua macho. Impeshensi za kwenye vyungu vya kuuza zimepita mikononi mwa wazalishaji wengi. Mmarekani Claude Hope, aliyekuwa na mashamba Costa Rica, ndiye aliyetoa miaka ya 1960 aina fupi fupi zilizojaa maua, na tangu hapo ua letu likawa biashara ya dunia nzima. Aina hizo fupi nyingi bado zina mrija wake na nekta yake, hazina neno. Zinazonisikitisha ni zile zenye maua ya kujikunja kama waridi, petali juu ya petali. Zinapendwa, bei yake iko juu, na kipepeo akitua hapo anatafuta mlango bila kuupata, kwa sababu sehemu za chavua zimegeuzwa kuwa petali. Chukua ua lenye uso bapa, kisha ligeuze nyuma utazame kama ule uzi upo. Ukiuona, nunua. Na jihadhari na jamaa yake mwenye majani marefu ya rangi rangi, asili yake kisiwa cha New Guinea. Ni mmea mzuri, lakini leo tunazungumza habari za wenyeji.

Kuna ugonjwa pia. Ukungu unaoitwa Plasmopara obducens ulionekana Uingereza mwaka 2003 ukiharibu impeshensi, na kufika miaka ya 2011 na 2012 ulikuwa umezifuta bustani nyingi za Marekani. Dalili yake ni majani kupauka na kukunjika chini, na ukigeuza jani unaona utando mweupe kama unga upande wa chini. Ukiuona, ng'oa mmea wote, uchome au ufukie mbali, na usipande impeshensi mahali pale kwa muda mrefu. Kinga ni kumwagia asubuhi, kwenye udongo si juu ya majani, na kutosonganisha mimea mpaka hewa isipite. Dawa za kupulizia ziache. Ile unayopuliza kuua kiwavi au chawa wa mimea haitachagua, itamuua na kipepeo. Chawa wa mimea ni wa kuoshwa kwa maji tu.

Kwenye kikonyo cha jani utaona vitezi vidogo, na sisimizi wakivizunguka. Usiwafukuze. Mmea unatoa utamu hapo pia, na sisimizi wanaoufuata hawapendi kuona wadudu wengine wakizagaa.

La mwisho ni onyo, na ni kwa wale ninaowapenda zaidi, watu wa milimani.

Ua hili likitolewa kwao linaweza kuwa tatizo. Kule Brazil, kwenye misitu ya pwani ya Atlantiki, lilipelekwa kama pambo, likatoroka bustanini, na leo limefunika sakafu za misitu na kingo za vijito ambako mimea ya wenyewe ingeota. Nasi hapa, ingawa ni mzaliwa wetu, si kila bonde ni kwao. Afrika ina aina za Impatiens zaidi ya mia moja, na Christopher Grey-Wilson aliziandikia kitabu kizima mwaka 1980. Nyingi ziko kwenye milima ya Tao la Mashariki, na nyingine hazipatikani mahali pengine popote duniani ila mlima mmoja. Kilimanjaro kuna Impatiens kilimanjari, jekundu na njano, mrija wake umejikunja kwa ajili ya mdomo wa chozi, si kwa ajili ya kipepeo. Huyo hawezi joto la Moshi mjini, achilia mbali Tanga. Mwacheni kwenye ukungu wake. Usambara kuna Impatiens usambarensis, ndugu wa karibu kabisa wa huyu wetu wa leo, wa karibu kiasi kwamba wakikutana wanazaana. Impeshensi ya chungu ikipandwa kando ya msitu, chavua yake inabebwa na kipepeo yule yule hadi kwa ndugu wa kijitoni, na watoto wanakuwa mchanganyiko.

Kwa hiyo aliyeko Tanga mjini, Dar es Salaam, Mombasa au Morogoro mjini, omba kipande kwa jirani upande masika haya. Aliyeko Amani, au kwenye kijiji chochote kinachopakana na msitu wa Usambara, usilete impeshensi ya mjini. Tazama lile linaloota kwenye mfereji wa shamba lako, nje ya mpaka wa hifadhi, kata kipande kimoja, uliache shina lenyewe mahali pake, nawe upande hilo. Ndani ya hifadhi usikate kitu. Na kama mgeni kutoka mjini atakuja kukuomba umng'olee machache ya msituni aende nayo, mwonyeshe njia ya kurudia.